Gogo la Mpingo Lina Ukoo Gani?

Barabara ya kutoka Mueda kwenda Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, huteremka kutoka uwanda wa juu, hupita Diaca, hufika Awasse, kisha huelekea baharini. Kandokando yake kuna mihogo na mikorosho, na nyuma ya mashamba kuna pori ambalo Wamakonde wamelitegemea kwa vizazi vingi kwa kuni, dawa, asali na mpingo wa kuchonga. Mchongaji akiletewa gogo la mpingo, kazi ya kwanza ni ya shoka na tezo. Anatoa gome, kisha anachonga tabaka jeupe lenye umanjano lililo chini yake, mpaka aufikie mti mweusi wa ndani. Weupe huo kwake ni taka: ni laini na unaliwa na wadudu. Weusi ndio mali, nao ni mzito hata kipande chake kikitiwa majini kinazama.

Kwa mti wenyewe hesabu ni kinyume. Ile sehemu nyeupe inayotupwa ndiyo iliyokuwa na uhai: ndani yake zimo seli hai zinazotunza chakula, na mirija inayopandisha maji kutoka mizizini. Katika moyo mweusi seli zote zimekwisha kufa. Zilipokuwa zikifa zilijazwa kemikali zinazoupa mti rangi yake, na ukali wa kuwashinda mchwa. Kinyago cha mpingo, basi, ni mamilioni ya seli zilizokufa zikabaki zimesimama.

Gogo hilo linaleta maswali mawili ambayo elimu ya viumbe imehangaika nayo kwa zaidi ya miaka 300. La kwanza: kiumbe kimejengwa na nini? La pili: ni cha ukoo gani? Vitabu vya shule huyaweka katika sura mbalimbali, na mwanafunzi huyakariri kama orodha mbili zisizojuana. Moja ni seli, tishu, ogani, mfumo. Nyingine ni himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba orodha ya pili inasimama juu ya ile ya kwanza. Tunajua nani ni ndugu wa nani kwa sababu seli huzaliwa na seli, na kila seli hubeba kumbukumbu ya zile zilizoizaa.

Vijumba vitupu

Mwaka 1665 Robert Hooke, mwanasayansi wa London, alichapisha picha za vitu alivyoviona kwa hadubini. Kimoja kilikuwa kipande chembamba cha kizibo, ambacho hutengenezwa kwa gome la mti. Aliona vyumba vidogo vimepangana mfano wa sega la nyuki, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, maana yake kijumba. Ndilo neno lililotufikia sisi kama seli. Alichokiona hakikuwa na uhai. Zilikuwa kuta tu za seli zilizokwisha kufa, kama zile zilizo ndani ya kinyago cha mpingo. Muongo mmoja baadaye Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft huko Uholanzi, akaona ndani ya maji viumbe hai vidogo vikiogelea, ambavyo jicho tupu lisingeviona kamwe.

Ilichukua zaidi ya miaka 150 kuyaunganisha hayo mawili. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alisema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kwa wanyama. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Rudolf Virchow akaeneza kauli iliyogeuza kila kitu: kila seli hutokana na seli nyingine.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kauli ya Virchow inakwenda ndani zaidi. Chukua seli moja ya ndani ya shavu lako. Ilitoka katika seli iliyojigawa, nayo katika nyingine, mpaka kwenye yai la mama lililorutubishwa. Yai hilo lilitoka katika seli za mama, na za mama zikatoka kwa bibi. Unaweza kurudi hivyo hivyo mpaka wakati ambapo hapakuwa na mtu, wala mnyama, wala jani, na hutakuta mahali ambapo seli ilijitokeza yenyewe tu. Kwa hiyo, tangu siku seli ilipojulikana kuwa na mzazi, swali la ujenzi wa mwili lilikuwa limekwisha kugeuka swali la nasaba, ingawa wengi hawakulitambua hilo mapema.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Kiumbe anaweza kuwa seli moja tu na asipungukiwe na kitu: anakula, anatoa taka, anahisi, anazaa. Mtu mzima ana takriban seli trilioni 37, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013, na karibu hakuna hata moja kati yake inayoweza kuishi peke yake barabarani. Ndiyo gharama ya kugawana kazi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, na kabla ya kuingia kazini hutoa nje kiini chake ili ibaki na nafasi kubwa ya kubeba oksijeni. Seli ya neva inayotoka uti wa mgongo kwenda mguuni inaweza kuwa na mkia wa urefu wa mita moja. Zote mbili zimetokana na yai moja na zilipewa maandishi yale yale ya DNA. Tofauti iko katika kurasa zilizofunguliwa na zilizofungwa.

Seli za kazi moja zikikaa pamoja huwa tishu. Tishu mbalimbali zikiunda kitu chenye umbo na kazi yake, kama moyo au jani, hicho ni ogani, na ogani zinazosaidiana hufanya mfumo. Hapa pana mtego ambao kila mtoto wa Diaca anaujua bila kuujua. Mkorosho huzaa bibo jekundu au la manjano, lenye maji, na korosho imening'inia chini yake. Kwa mlaji, bibo ndilo tunda na korosho ni mbegu iliyojibandika nje. Ukifuatilia seli tangu ua linapochanua, utaona kuwa tunda halisi, lile lililotokana na ovari ya ua, ni ile korosho pamoja na ganda lake. Bibo ni kikonyo kilichovimba.

Mlaji hakukosea, maana yeye anauliza "kipi kinaliwa?" Mtaalamu wa mimea anauliza "kipi kimetokana na nini?" Karibu mabishano yote kuhusu makundi ya viumbe huzaliwa pale mtu anapochukua jibu la swali moja akalibandika kwenye swali jingine.

Ukoo wa mama

Chini ya hadubini, seli zote duniani zinaonekana za aina mbili. Za kwanza ni ndogo, nyingi zikiwa na urefu wa maikromita moja au mbili, na DNA yao imelala ndani bila chumba chake. Hao ndio bakteria na jamaa zao. Kipindupindu, ambacho mwambao wa Cabo Delgado unakijua vizuri, huletwa na bakteria wa namna hiyo, aliyejipinda kama koma. Kiumbe kisichoonekana ni mzigo mzito kwa jamii: kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wa afya wamewahi kushambuliwa kwa madai kwamba wanaeneza ugonjwa, kwa kuwa waliotia *cloro* (klorini) visimani walionekana kama wanatia *cólera* (kipindupindu). Kwa Kireno maneno hayo yanakaribiana sana, na hakuna aliyeweza kuwaonyesha wanakijiji yule bakteria mwenyewe.

Seli za aina ya pili ni kubwa zaidi na zina kiini, chumba kinachohifadhi DNA. Ndizo seli za mpingo, uyoga, mbu, tembo na mtu. Ndani yake mna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, ambavyo huchoma chakula kupata nguvu, na mitokondria zina DNA yake binafsi. Mwaka 1967 Lynn Margulis, mwanabiolojia wa Marekani, alichapisha hoja kwamba mitokondria zamani zilikuwa bakteria huru walioingia ndani ya seli nyingine wakafanya maskani humo. Kloroplasti, sehemu ya kijani ya seli ya jani, nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo kutoka kwa bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Wengi walimcheka. DNA ilipoanza kusomwa ikaonekana kuwa ile ya mitokondria inafanana zaidi na ya bakteria kuliko ya kiini cha seli inamokaa.

Kwa mwanadamu, mitokondria hurithiwa kwa mama. Yai hujaa mitokondria. Zile chache zinazoingia na mbegu ya baba huharibiwa. Wamakonde wa uwanda wa Mueda hawatashangaa sana, kwani kwa desturi yao mtoto huhesabiwa katika *likola*, yaani ukoo wa mama. Mtu wa Diaca anaweza kutaja likola lake vizazi kadhaa nyuma, hadi kumbukumbu ikome. Mitokondria zake zinaendelea pale kumbukumbu inapokoma, kutoka binti kwenda kwa mama yake, bila baba kuingia kati.

Kusoma maandishi ya ndani ya seli kulivunja pia ule mgawanyo wa aina mbili. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha sehemu moja ya mashine ambayo kila seli huitumia kutengeneza protini, wakakuta kwamba baadhi ya viumbe vilivyoitwa bakteria viko mbali na bakteria wengine. Leo huitwa akea. Kwa macho ni vijidudu tu visivyo na kiini, sawa na wenzao, lakini kwa nasaba wako karibu zaidi nasi. Mwaka 2015 watafiti walitangaza akea waliopatikana katika matope ya chini ya bahari, kati ya Greenland na Norway, ambao ni jamaa wa karibu wa seli zenye kiini kuliko wote waliojulikana kabla yao.

Ngeli ya sarufi na ngeli ya sayansi

Muda mrefu kabla ya hayo, kila lugha ilikuwa imewapanga viumbe kwa namna yake. Kiswahili kinafanya hivyo kila mtu afunguapo kinywa. Tunasema "mpingo umekatwa" na "mkorosho umekauka", lakini hatusemi "kiboko kimezama". Tunasema amezama, ingawa jina lake linaanza na ki- kama kiti na kisu. Kipepeo anaruka, nyoka anapita, mdudu ameuma. Sarufi inauliza swali moja: huyu anajiendesha mwenyewe? Akijiendesha, anaingia katika upatanisho wa watu na wanyama. Asipojiendesha, hata akiwa hai miaka mia, anabaki na miti, mito na milima.

Kwa maisha ya kila siku mpango huo unafaa sana. Neno "mdudu" ni gunia linalobeba siafu, buibui, tandu, funza na hata vijidudu vya homa, kwa sababu swali lililo nyuma yake ni "kidogo kinachoudhi ni kipi?" Mchongaji naye ana mpango wake: mti wa kuchonga, mti wa kuni, mti wa dawa.

Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha kitabu chake cha kupanga maumbile mwaka 1735 alitaka mpango mmoja kwa dunia nzima. Alipanga ngazi, moja ndani ya nyingine, na hatimaye akampa kila kiumbe jina la maneno mawili, la jenasi na la spishi. Waliotafuta istilahi za Kiswahili kwa ngazi hizo walikopa neno ngeli kutoka darasa la sarufi: tuna ngeli ya mamalia kama tulivyo na ngeli ya M-WA. Linnaeus hakufikiri kwamba viumbe hivyo ni ndugu. Aliamini anasoma mpangilio wa Muumba. Baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake mwaka 1859 ndipo ngazi zile zilipoeleweka kama matawi ya mti wa uzazi, na katikati ya karne ya 20 Mjerumani Willi Hennig akaweka sharti kali: kundi halali ni lile lenye babu mmoja na wajukuu wake wote, bila kumwacha hata mmoja nje.

Faida ya kupanga kwa nasaba ni kwamba inakuwezesha kubashiri. Mpingo, *Dalbergia melanoxylon*, umo katika familia ya mikunde, pamoja na kunde, karanga na mbaazi ambazo wakulima hupanda kando ya pori hilo hilo. Mtu akiwa hajawahi kufukua mzizi wa mpingo, lakini amewahi kung'oa karanga na kuona vinundu vidogo mizizini, anaweza kukisia atakachokikuta. Atakisia sawa: mpingo nao hufuga bakteria katika vinundu, wanaokamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Kundi la "miti ya kuchonga" lisingekuambia hilo.

Sharti la Hennig lina ukali wake pia. Mwaka 1844 Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekuwa Msumbiji akikusanya wanyama na mimea kwa miaka kadhaa, alimweleza kamongo wa huko, samaki mwenye mapafu. Wataalamu wa enzi hiyo walikuwa wakigombana juu ya viumbe wa aina hiyo: ni samaki au ni amfibia? Leo jibu ni gumu kuliko walivyodhani. Kamongo ni ndugu wa karibu wa chura, wa ng'ombe na wa mtu kuliko wa changu. Kwa hiyo "samaki", kwa macho ya nasaba, si ukoo. Ni neno la sokoni, zuri na la lazima, kwa kila chenye mapezi kinachoishi majini.

Sengi na ndugu zake

Peters huyo huyo ndiye aliyewapa majina ya kisayansi wanyama wawili wanaoonyesha jambo hili vizuri kuliko wengine. Mwaka 1846 alimwita mmoja *Petrodromus tetradactylus*, kwa kuwa ana vidole vinne katika mguu wa nyuma. Mwaka 1847 akamwita mwingine *Rhynchocyon cirnei*. Wote ni sengi, na wote wanaishi katika misitu na vichaka vya kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania.

Sengi ana umbo la panya mwenye miguu mirefu, na pua inayochezacheza kama mkonga mfupi. Hutembea mchana au jioni katika vijia anavyovisafisha mwenyewe kwa kusukuma majani kando, akitafuta mchwa na siafu. Kwa pua na chakula chake, kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na virukanjia na fuko katika oda ya wala-wadudu. Baadhi ya wataalamu walitilia shaka tangu karne ya 19, wakamsogeza huku na huku, na katika karne ya 20 akapewa oda yake peke yake, kama mgeni anayepewa kiti pembeni kwa kuwa hajulikani ni wa nani.

Mwaka 1997 na 1998 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha DNA ya mamalia wengi. Sengi hakutokea karibu na kirukanjia wala panya. Alitokea katika ukoo mmoja na tembo, pimbi, nguva na muhanga, pamoja na fuko wa dhahabu wa Afrika na tenreki wa Madagaska. Ukoo huo ukaitwa Afrotheria, wanyama wa Afrika, kwa maana umekulia katika bara hili lilipokuwa limetengwa na mengine kwa mamilioni ya miaka. Wakiwa hapa peke yao, wajukuu wa babu mmoja waligawana kazi zote: mmoja akawa mkubwa wa nchi kavu, mmoja akaenda baharini kula nyasi za chini ya maji, mmoja akapanda majabali, mmoja akachimba vichuguu usiku, na mmoja akabaki mdogo akifagia njia yake msituni.

Kwa kuwaangalia tu, usingewaweka meza moja. Umbo hudanganya kwa sababu kazi moja huzaa maumbo yanayofanana: mla wadudu atakuwa na pua ndefu, awe wa ukoo wowote. Maandishi yaliyo ndani ya seli hayajali kazi kwa kiasi hicho. Na hesabu ya sengi wenyewe haijafungwa. Mwaka 2008 alitangazwa sengi mpya kutoka milima ya Udzungwa, Tanzania, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Mnyama mkubwa kama huyo alikuwa hajawahi kuandikwa na mwanasayansi yeyote.

Mbu wanne kwa sura moja

Anayeona haya yote ni anasa ya makumbusho na amfikirie mbu. Mpaka katikati ya karne ya 20, mbu mkuu wa malaria katika Afrika, *Anopheles gambiae*, alihesabiwa kuwa spishi moja. Lakini alikuwa na tabia zisizopatana. Wengine walizaliana katika madimbwi ya mvua, wengine katika maji ya chumvi karibu na mikoko. Wengine walimfuata mtu ndani ya nyumba, wengine walimpenda ng'ombe. Watafiti walipowapandisha maabarani, watoto walizaliwa, lakini madume chotara hawakuweza kuzaa. Miaka ya 1960 ikawa wazi kwamba chini ya jina moja zimejificha spishi kadhaa.

Jicho haliwatenganishi kwa uhakika. Njia ya kwanza iliyotegemewa ilikuwa kumpasua mbu jike mwenye mayai nusu ya kukomaa, kutoa seli fulani za ovari yake, na kusoma mistari ya kromosomu zake chini ya hadubini. Baadaye ikaja njia ya DNA, ambayo mguu mmoja wa mbu unaitosha. Hapo anajulikana *Anopheles merus* wa maji ya chumvi ya pwani, *Anopheles quadriannulatus* ambaye zaidi huwauma wanyama, *Anopheles arabiensis* anayeuma nje na ndani, na *gambiae* mwenyewe, mpenzi wa damu ya binadamu na wa vyumba vyake vya kulala.

Msumbiji ni miongoni mwa nchi zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa malaria duniani, kwa hiyo tofauti hizo zina gharama. Dawa ya ukutani na chandarua humpata vizuri mbu anayeingia ndani. Anayeuma watu wakiwa bado wamekaa uani jioni hawezi kukomeshwa kwa silaha hizo peke yake. Anayewasumbua ng'ombe tu ni kupoteza fedha kupigana naye. Na ndani ya mbu kuna kiumbe mwingine ambaye uainishaji wake unashangaza: kimelea cha malaria, seli moja yenye kiini, ndani yake mna mabaki ya kloroplasti. Babu zake waliwahi kuishi kwa jua kama jani. Sehemu hiyo haipo katika seli za mtu, na kwa hiyo watafutaji wa dawa wameikodolea macho.

Pale sarufi inapogugumia

Kila mpango una mipaka inayovuja. Uyoga tunauweka na mimea: umeota, umechumwa. Kumbe kwa nasaba fangasi wako karibu na wanyama kuliko na mimea. Kuta za seli zao zina kaitini, kemikali ile ile iliyo katika gamba la mende na la kamba. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho, ni fangasi. Mkulima anayepuliza salfa juu ya mti anapambana, kwa hesabu ya nasaba, na binamu yake mwenyewe wa mbali kwa ajili ya chakula chake.

Virusi ndio mtihani wenyewe. Mama anang'oa mhogo wenye majani yanayopendeza. Kwa nje mzizi ni mzima, pengine umejikunja kidogo. Anamenya, anakata, na ndani anakuta mabaka makavu ya kahawia kama kutu. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, na ambao umekaa katika mwambao wote wa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Huletwa na virusi vinavyobebwa na nzi weupe, na husafiri pia katika vipando ambavyo jirani humpa jirani kwa wema.

Virusi havina seli. Ni maandishi ya urithi yaliyofungwa katika protini, yasiyoweza kujinakili mpaka yaingie katika seli ya mwingine. Je, vina uhai? Msikilize Mswahili. Atasema "bakteria wa kifua kikuu", lakini "virusi vya Ukimwi". Mmoja amepewa upatanisho wa viumbe, wa pili ule wa vitu. Halafu sentensi inayofuata utasikia "virusi wanaenea", na msemaji mwenyewe hatambui kwamba amehamisha mpaka wa uhai. Wanabiolojia nao hawajakubaliana. Kama sharti la kuwa hai ni seli iliyozaliwa na seli, virusi wako nje. Kama ni kurithisha na kubadilika kizazi hadi kizazi, wamo ndani. Kigugumizi cha sarufi hapa si udhaifu wa lugha, kwa sababu jambo lenyewe halijaamuliwa.

Mpakani

Kati ya 2008 na 2009, kabla ya vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 kuwahamisha watu wengi wa ukanda huu, wataalamu wa mimea walipita katika misitu mikavu ya pwani ya Cabo Delgado wakiandika kilichomo. Orodha yao ilizidi mimea 700, na miongoni mwake ilikuwamo ambayo sayansi haikuwa na jina lake. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuipita na kuitumia, kwa hiyo haikuwa mipya kwao. Kilichokosekana ni nafasi yake katika mti wa nasaba.

Mpingo unayo nafasi hiyo tangu karne ya 19, na bado jina halikumaliza maneno. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ziliamua kwamba kuanzia Januari 2017 jenasi yote ya *Dalbergia* itahitaji vibali kuvuka mipaka. Shabaha kubwa ilikuwa miti ya samani ya thamani iliyokuwa ikimalizwa kwa wizi. Mpingo, ambao nje ya nchi hutengenezewa klarineti na obo, ukaingia katika wavu huo pamoja na ndugu zake. Kilio cha wanamuziki kilikuwa kikubwa, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa kwa ala zilizokwisha kutengenezwa.

Kwa nini jenasi nzima, badala ya kutaja spishi zilizo hatarini peke yake? Jibu linarudi mahali tulipoanzia. Afisa wa forodha mwenye ubao wa kutilia shaka hana ua, jani wala tunda la kuangalia. Ana mti uliokufa. Akiupeleka maabara, mtaalamu atalainisha kipande, atakikata chembamba kama Hooke alivyokata kizibo, na kutazama mpangilio wa mirija na seli zilizolala kwa safu. Kwa mpangilio huo anaweza kusema, kwa uhakika mkubwa, hii ni *Dalbergia*. Kwenda mbele mpaka kwenye spishi ni vigumu kwa hadubini peke yake, na DNA katika moyo wa mti uliokwisha kufa huwa imechakaa. Sheria ilibidi isimame pale ambapo seli inaacha kusema.

Mchongaji anayetupa weupe wa mpingo chini ya mti wake hajui habari za mkutano wa Johannesburg, wala hahitaji kuzijua ili achonge vizuri. Lakini mustakabali wa kinyago chake nje ya mpaka unategemea vile vijumba vyeusi, vilivyokufa zamani na bado vinahifadhi jina la ukoo, ingawa jina la mtoto limefutika.